Mama Taulo Avuta Pumzi

Ukitaka kumjua mtu aliyeosha matumbo ya ng'ombe kwa miaka mingi, usimtazame mikono. Mikono husafishika. Mtazame mabega. Ya Mama Taulo yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio, na shingo imezama katikati kama kobe aliyesikia hatua za mtu. Watu walidhani kaumbwa hivyo. Hata mama mkwe wake, siku alipoletewa mchumba huyu, alimnong'oneza mwanawe, "Binti anasikia baridi, au ana kiburi?"

Baridi hakuwa nayo. Kiburi alikuwa nacho, na alikuwa amekitolea jasho.

Jina alipewa na wateja. Tumbo kubwa la ng'ombe, lile la kwanza linalopokea majani, likishasuguliwa vizuri lina manyoya manyoya kama taulo jipya, na wauzaji huliita hivyo hivyo, taulo. Lake lilikuwa jeupe kupita ya wenzake wote. Alianzia kufagia mifereji ya machinjio akiwa msichana, fagio mkononi, miguu mitupu ndani ya damu iliyoganda. Kutoka mferejini akapata karo la mwisho. Makaro yalikuwa nyuma ya jengo la kuchinjia, safu moja ya masinki ya saruji yaliyoungana, na bomba lilikuwa moja tu, mwanzoni. Karo la kwanza lilipata maji. La mwisho lilipata kilichobaki, cha kijani, kizito, kinachoelea vipande. Mama Taulo alipanda karo kwa karo: huyu alibembelezwa wabadilishane kwa ajili ya kivuli, yule alijifungua akachelewa kurudi, mwingine aligombana na jirani yake na akatafutiwa suluhu iliyomsogeza chini. Mpaka bibie akafika bombani.

Sheria kubwa ya makaro ilikuwa moja. Kila mwoshaji alibeba beseni lake mwenyewe kichwani, kutoka kwa mgawaji wa matumbo ndani ya jengo mpaka karoni kwake, bila kulitua njiani. Asiyeweza, karo lake linakwenda kwa mwingine. Iliwekwa ili watu wasistarehe nyumbani huku wakipangisha makaro. Aliyeipigania kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Taulo, wakati karo la kwanza lilipokuwa la bibi mmoja mwenye goti bovu. Bibi alikwenda zake. Mama Taulo hakuona haya siku ile, na hata sasa haoni. Alichoona ni kwamba bega lake lilikuwa likielekea kule kule lilikoishia goti la bibi.

Maumivu yalianza kama mtu anayekugusa bega ili apite. Akampisha. Hakupita. Yakashuka mgongoni, yakafika kiunoni, yakarudi shingoni, yakajizoesha mwilini kama mgeni anayejua kopo la sukari linakaa wapi. Alipaka dawa za kuchua mpaka mumewe akalalamika macho yanawasha. Akakandwa kwa maji ya moto. Akavutwa mkono na bwana mmoja aliyesifiwa kwa kurudisha viungo, akatoka kwake amepinda zaidi ya alivyoingia. Hospitali wakampiga picha, daktari akaishika kwenye mwanga, akasema mifupa yote ni mizima.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Unaumwa, mama. Ila hakuna kilichovunjika tukakiunga."

"Basi kivunjeni, mkiunge," alisema Mama Taulo, na hakuwa anatania.

Akaelekezwa chumba cha mwisho, kwa mtaalamu wa tiba ya kazi. Huyo, aliambiwa, hatoi vidonge wala hachomi sindano. Kazi yake ni kumfundisha mtu afanye shughuli zake za kila siku kwa mwili alionao. Mama Taulo aliona huo ni ujanja wa kumrudisha mgonjwa kazini bila kumtibu. Lakini alikwenda, kwa sababu karoni mambo yalikuwa yamechafuka.

Kule karo la mwisho aliosha dada wa mumewe. Wifi huyu alikuwa na sauti tamu kuliko asali na jicho lisilolala. Aliona beseni la Mama Taulo likiburuzwa ukutani badala ya kubebwa. Aliona likipumzishwa juu ya pipa.

"Wifi yangu jamani," alimwita asubuhi moja, kwa sauti ya kusikika safu nzima, "mbona siku hizi beseni lako linatembea lenyewe? Umelifunga magurudumu?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti wa makaro, mama mzito wa maneno machache, hakucheka. Akamfuata Mama Taulo bombani.

"Siwezi kujifanya sioni," alimwambia. "Mwisho wa mwezi utabeba mbele ya watu wote. Ukifika, ukifika. Usipofika, dada wa mumeo ndiye aliyetangulia kuliomba karo lako. Unajua utaratibu, uliupigania wewe."

Hiyo ndiyo habari aliyokwenda nayo kwa mtaalamu: karo la kwanza, bomba, na wifi anayelimezea mate.

Chumba kile kilimtia kinyaa tangu mlangoni. Mikeka ya sponji ilikuwa imetandikwa sakafuni, na wa kwake ulikuwa na alama ya jasho la mtu aliyetangulia, kichwa na mabega, mithili ya kivuli kilichosahauliwa. Kulia kwake alilala dereva wa lori mwenye mgongo mbovu, kavua viatu, visigino vimepasuka na katikati ya mipasuko kumejaa weusi. Kushoto, mshonaji mwenye ganzi ya vidole alikuwa akivuta kamasi kila baada ya muda, kisha kimya, kisha Mama Taulo akamsikia akimeza. Mtu aliyeshinda kutwa ndani ya kinyesi cha ng'ombe akajikuta anataka kukimbia kamasi ya mshonaji.

Mtaalamu alikuwa kijana mwembamba mwenye kucha safi, safi mno kwa mtu anayesema ana kazi.

"Macho fumbeni au yaacheni wazi," alisema. "Tunafanya zoezi la kumakinika. Tazameni pumzi zenu. Msizibadilishe. Inaingia, inatoka. Wazo likija, lioneni, kisha rudini kwenye pumzi. Maumivu yakija, yaoneni vilevile: yako wapi, yana ukubwa gani, ya moto au ya kuvuta."

"Mimi nimeleta bega," alisema Mama Taulo akiwa chali. "Pumzi yangu haina ugonjwa."

"Dada, nyamaza bwana," dereva alinung'unika. "Ndiyo kwanza usingizi unanikubali."

"Hili si zoezi la kulala," alisema mtaalamu.

"Kwangu limekuwa."

Walipomaliza, Mama Taulo alimngojea mtaalamu mlangoni kama anavyomngojea mnunuzi mgumu. "Sema ukweli. Nikija hapa, mwisho wa mwezi nitabeba beseni?"

"Sijui, mama. Siwezi kukuahidi kwamba maumivu yataisha. Wengi hujifunza kuishi nayo bila kuyaongezea mengine."

Mama Taulo alitoka akitema mate. Muuzaji gani huyu asiyesifu bidhaa yake! Yeye alikuwa ameapia matumbo mengi mbele za watu, na mengine hayakustahili kiapo. Njia nzima alilifikiria. Mtu asiyesifu anachouza ama ni mjinga, ama ana kitu mkononi. Akaamua kurudi ili ajue ni lipi kati ya hayo mawili.

Akarudi, akarudi tena. Na kwa kweli, pale mkekani, bega lilikuwa likilegea. Alijua kulitazama: hapa panachoma, hapa panavuta, hapa pamekufa ganzi. Lakini akifika karoni tu, likapanda na kujifunga fundo lile lile. Mtaalamu akamwambia aache kuliweka zoezi mkekani, alipeleke kazini: "Unapoosha, osha. Yasikie maji, usikie brashi, ifuate pumzi." Akafanya, au alidhani amefanya. Hola, hakuna kitu.

"Bidhaa yako inafanya kazi dukani kwako tu," alimwambia. "Nikifika nayo karoni inakufa."

"Basi nitakuja nione huko huko karoni," alisema mtaalamu.

Alikuja kweli, ndani ya mabuti ya mpira ya kuazima yaliyomzidi miguu. Safu nzima iliacha kazi kumtazama.

"Shemeji, karibu! Njoo ushike upande huu, unateleza!"

"Mwacheni, ataangukia mferejini, nani atamkausha?"

Mtaalamu alisalimia wakubwa kwa shikamoo, akasimama kando ya bomba. Mama Taulo alitaka kumkomoa. Akachagua tumbo lililovimba kuliko yote, akalilaza ukingoni na kupitisha kisu. Likafunguka kwa sauti ya mtu anayecheua. Majani yaliyotafunwa nusu yakamwagika, ya kijani kibichi, yanafuka mvuke, na minyoo ya ndani ikajikunja mwangani. Uso wa mtaalamu ukabadilika rangi. Lakini hakuondoka, na jambo la ajabu, hakulitazama tumbo. Alikuwa anamtazama yeye.

Aliliacha tumbo la kwanza likaisha, na la pili. Kisha akasema, "Mama, hupumui."

"Niko hai, unaniona."

"Kabla hujapasua, unageuza uso pembeni na kuvuta pumzi. Unaibana. Mabega yanapanda, meno yanaumana. Unaitoa unapogeuka kuchota maji. Halafu tena. Kutwa nzima unafanya hivyo?"

Kicheko kilipita safu nzima. Aliyecheka zaidi ni mwoshaji mmoja kijana, mwanamke wa miraba minne ambaye kila mtu alimwita Pande la Mtu. "Mtaalamu, kwani wewe ulitaka avute mavi?"

Nao walikuwa na haki ya kucheka. Hilo lilikuwa somo la kwanza la karoni. Msichana akiletwa, kabla ya kufundishwa kisu, alifundishwa kufunga pua kwa ndani. Akikohoa, alipigwa mgongoni mpaka ajue. Aliyejua kubana alihesabiwa kuwa fundi. Mtaalamu akainua macho, akaitazama safu ile kutoka bombani mpaka mwisho, mabega yote yaliyokwea masikioni.

"Kumbe nyote," alisema polepole.

Mama Taulo alikasirika. Mtu anakuja na mabuti ya kuazima, anaita ufundi wako ugonjwa! "Haya. Nifanye nini?"

"Pasua jingine, na upumue kama unavyopumua mkekani. Sikwambii uipende harufu. Isikie ilivyo, basi."

Akapasua. Akavuta pumzi.

Tangu usichana wake hakuwa ameipokea harufu ile mzima mzima. Iliingia kama mtu anayevunja mlango. Majani yaliyochacha, siki, choo, chuma cha damu, na chini ya vyote uvuguvugu fulani mzito ulioganda kooni kama mafuta baridi. Akasema nitaishinda. Tumbo lake mwenyewe likakataa. Alitapika palepale, ndani ya karo la kwanza, na kwa kuwa maji yalikuwa yanakimbia, matapishi yakaanza safari: karo la pili, la tatu, huku wenyewe wakirukia nyuma na kupiga mayowe, mpaka yakatua kwa wifi, aliyekuwa amezamisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

"Ndiyo nini hii, wifi!" Asali yote ilikuwa imemtoka sautini. "Unanitapikia mimi!"

Mama Taulo alijifuta mdomo kwa kiganja cha mkono, jambo lililomtia kichefuchefu upya. Ndipo akahisi mkanda wa aproni umelegea shingoni. Haukuwa umefunguka. Mabega yalikuwa yameshuka.

Alirudi nyumbani alasiri na pua iliyoamka, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Kanga zake zilinuka. Ufunguo ulinuka. Alipoinama kumimina maji ya kunywa, nywele zake zikamwangukia usoni, akadhani kuna panya kafia chini ya meza. Akauinua mto wake wa kulalia, akaunusa, akautupa. Mumewe, mlinzi wa ghala aliyekuwa akijitayarisha kwenda zamu, alimtazama akiizunguka nyumba kama mbwa.

"Baba nanii, mimi nanuka?"

Mzee aliacha kufunga kiatu. "Leo ndiyo unauliza?"

"Nijibu."

"Kwa nini unadhani nalala nimegeukia dirishani? Ulifikiri napenda mwezi?"

"Na hukusema miaka yote hii!"

"Ningesema nini? Ulikuwa unaleta chakula." Akamalizia kufunga kiatu. "Mama watoto, mimi mwenyewe nilishajifundisha kubana pumzi. Si kazi ngumu. Ila shingo inauma kidogo."

Mama Taulo hakucheka. Alikwenda uani akajisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, akajinusa, akajisugua tena. Akili yake ya biashara ilimwambia wazi: amepewa bega, akanyang'anywa usingizi, na hakuulizwa kama anakubali.

Alimwendea mtaalamu amefura. "Umenirudishia pua. Sikuagiza pua. Nipe dawa nyingine."

"Sina nyingine, mama."

"Punguza basi. Nivute nusu."

"Hilo linawezekana," alisema mtaalamu, na Mama Taulo akashangaa kusikia mtu huyu ana bei ya kupungua. "Tusianzie kwenye kupasua. Anza na tumbo lililokwishaoshwa, pumua juu yake. Likizoeleka, nenda kwenye lililopita maji ya kwanza tu. La kupasua liwe la mwisho. Na usimame juu ya kibao, karo lako ni refu, linakulazimisha uinue viwiko." Akamwonyesha vidole viwili. "Unabeba mizigo miwili. Maumivu ni mmoja, nao sina uwezo wa kukutua. Kujikaza ni wa pili. Unajikaza kwa ajili ya maumivu, unajikaza kwa ajili ya uvundo, unajikaza kwa ajili ya wifi yako. Huo wa pili uko mikononi mwako."

"Hapo sasa umesema lugha ya sokoni," alisema Mama Taulo.

Akafanya alivyoambiwa, akilaani. Alisimama juu ya kibao, akapumua juu ya lililo safi, kisha juu ya lililo chafu kidogo, kisha chafu kabisa. Aligundua kwamba kinyaa nacho kina mwendo wake: kinapanda kooni, kinakaa, kinageuka geuka, kinashuka, mradi usikipige teke. Hakikupungua. Nani alimdanganya mtu kwamba mambo haya hupungua? Kilipita tu, kikarudi, kikapita. Na bega likafuata mtindo huo huo. Liliuma, lakini liliacha kupiga kelele.

Kitu kingine hakumwambia mtu. Alianza kujua kwamba uvundo si mmoja. Ng'ombe aliyekula majani mabichi alinuka hivi, aliyekula pumba alinuka vile, aliyekuwa na homa alinuka kama sarafu zilizoshikwa na mkono wenye jasho. Hakufurahia elimu hiyo hata kidogo. Ilimfanya ashindwe kula hata kuku.

Siku ya kubeba ikafika. Waoshaji wote walikuwa wamejipanga ndani ya jengo, sakafu inateleza, kulabu zinaning'inia juu, nzi wanavuma. Wifi alikuwa amevaa kilemba kipya, kikavu, cha mtu anayehamia. Brashi yake alikwishaiweka ukingoni mwa karo la kwanza.

Mgawaji, bwana mwenye kulabu mkononi na soga nyingi, alikuwa akitupa matumbo katika mabeseni. "Mama Taulo! Leo nakujazia vizuri, usije ukasema nimekupendelea."

Beseni likajaa. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa: haya. Mama Taulo akachuchumaa. Akaihisi sakafu chini ya mabuti. Akalitazama bega lilipo: moto chini ya shingo, kamba mpaka kiunoni. Akaacha mabega yashuke, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kabla ya kuinua.

Akafumbua macho. Chini ya choo na siki na damu mbichi palikuwa na kitu kingine, kitamu tamu, cha kulowa, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa ya maji. Akavuta tena. Akaingiza mkono, akachambua, akatoa tumbo moja, akalilaza sakafuni.

"Hili la jana."

"La leo hilo," alisema mgawaji haraka. "Shika, bado lina joto."

"Lina joto kwa sababu limemwagiwa maji ya moto."

"Nani kasema?"

"Pua."

"Pua gani? Ninyi watu wa karoni hamnusi, dunia nzima inajua hamnusi!"

Mwenyekiti akasogea hatua moja. "Sisi tunajua kwamba hatunusi," alisema. "Wewe ulijuaje, na ulikuwa unalitumia kufanyia nini?"

Kumbe ndiyo sababu. Kwa muda mrefu wateja walikuwa wakirudisha matumbo yaliyoharibika kabla ya jua kuzama, wakiwatukana waoshaji, na waoshaji wakilaumu joto, wakilaumu maji, wakilaumiana. Hakuna aliyewahi kuinamia beseni lake akavuta pumzi.

Sasa wakataka kuvuta wote kwa mpigo. Pande la Mtu ndiye aliyetangulia: akaingiza uso ndani ya beseni lake, akavuta kwa nguvu zake zote, akatoka amekodoa macho, akakimbilia ukutani. Wengine walikohoa, wengine walishika makoo. Mmoja alisema lake liko sawa. Mwingine akamuuliza alijuaje ilhali alikuwa amebana pua kwa vidole.

"Mama Taulo, ninusie langu!"

"Na langu, dada, wateja wangu wameshaniita mwizi!"

"Kwanza abebe!" Wifi alipaza sauti. "Hatukuja hapa kunusa. Tumekuja kuona beseni. Sheria ni sheria!"

Mama Taulo alikuwa bado amechuchumaa. Bega lilikuwa linawaka. Alilitazama kwa utulivu kama alivyofundishwa, na likamwambia ukweli bila kutia chumvi: leo ataweza, kwa machozi. Kesho labda. Mwezi ujao hapana. Kisha akawatazama wanawake wale, kila mmoja kakumbatia beseni asiloliamini. Akajua hali hiyo. Ndiyo hali anayokuwa nayo mnunuzi ambaye wageni wameshafika nyumbani na jikoni hakuna kitu.

Akasimama.

"Wifi amesema kweli. Nitabeba," alisema. "Nikibeba, nikifika, nina karo langu na kazi yangu, na pua yangu itaangalia beseni langu tu."

"Usipobeba?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nisipobeba, nasimama hapa mlangoni kila asubuhi. Hakuna beseni litakalotoka kabla sijalinusa. La jana linarudi kwa mwenyewe, mbele ya macho yake. Langu linabebwa na mtu mwenye shingo."

"Huko ni kuvunja sheria!" Wifi alipiga kelele.

"Sheria inamtoa asiyefanya kazi. Mimi nimepewa kazi ambayo hakuna mwingine anayeitaka."

Mwenyekiti alifikiri. "Utakaa karo la pili."

"La kwanza."

"Mama Taulo, usitukamue."

"La kwanza, au nusieni wenyewe."

Mwenyekiti aligeuza kichwa kumtazama Pande la Mtu, ambaye alikuwa bado kauegemea ukuta kwa mikono miwili, kamba ya mate ikining'inia mdomoni. "La kwanza," alisema. "Na huyu akimaliza kutapika, atabeba lako."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgawaji aliambiwa asogee pembeni na asiondoke. Wanawake walipanga mstari, na kwa sababu alikuwa amesimama karibu ili ashuhudie anguko, wa kwanza kwenye mstari akawa wifi.

"Weka chini," alisema Mama Taulo.

Wifi aliweka. Mama Taulo akainama, akashusha mabega, akavuta. Utamu ule ukampanda mpaka nyuma ya macho, mzito kuliko wa beseni lake. Kinyaa kikapanda, akakiacha kipite. Akaingiza mkono mpaka chini, kwenye maji ya uvuguvugu, akatoa moja. Akatoa jingine. La tatu lilikuwa limeshaanza kuteleza ngozi, likamwachia ute wa kijivu katikati ya vidole.

"Yote matatu?" Wifi aliuliza. "Au unanikomoa?"

"Nusa."

Wifi alilitazama lile la tatu. Midomo ikambana, pua ikakunjamana, na akageuza uso upande wa ukuta.

"Tupa," alisema.

Mama Taulo aliyarusha miguuni kwa mgawaji, yakatua kwa sauti ya kofi la maji. Akakung'uta ute, haukutoka, akaufutia kwenye aproni. Kisha akamwashiria aliyekuwa nyuma ya wifi asogeze beseni.